Waraka wa Luther juu ya Tauni: Usomaji kutoka Wodini

Utangulizi

Kati ya maandiko ya Martin Luther yanayosomwa katika vyuo vyetu vya theolojia, waraka wake wa mwaka 1527 juu ya tauni hupewa nafasi ndogo sana. Mwanafunzi hufika mwaka wa mwisho akiwa amesoma juu ya uhuru wa Mkristo, amezipitia katekisimu zote mbili, na ameyajua mabishano juu ya Meza ya Bwana; lakini waraka huu mfupi, ambao Luther anauliza ndani yake kama inafaa Mkristo kukimbia kifo, mara nyingi hajaugusa. Kisha mwaka 2020, ugonjwa wa UVIKO-19 ulipoenea duniani, waraka ukatajwa ghafla kila mahali. Waliotaka makanisa yafungwe waliutaja, na waliotaka yabaki wazi waliutaja vilevile. Kila upande ulichota maneno mawili matatu na kuondoka nayo. Jambo hilo lenyewe latosha kutuonyesha kwamba waraka huu hutajwa zaidi ya unavyosomwa.

Katika makala hii tunakusudia kuusoma waraka wote, tangu mwanzo hadi mwisho, na kuupima. Kipimo tutakachotumia si cha maktaba peke yake. Tutausoma tukiwa tumesimama, kwa fikra, katika wodi ya hospitali moja ya kanisa: mahali penye vitanda ishirini na wagonjwa thelathini, muuguzi mmoja wa zamu ya usiku, na ndugu wa wagonjwa waliolala sakafuni juu ya kanga zao. Tunaamini kwamba andiko juu ya kuwatunza wagonjwa halina budi kustahimili kusomwa mahali hapo. Tutaonyesha kwamba waraka wa Luther wastahimili vizuri kuliko wengi wanavyodhani, na kwamba hata hivyo unapungukiwa katika mambo matatu ambayo sisi tulioko leo hatuna ruhusa ya kuyaacha bila kusemwa.

Mazingira ya waraka

Tauni iliingia Wittenberg mwanzoni mwa Agosti 1527. Tarehe 10 ya mwezi huo Johann, mtawala wa Saksonia, alimwagiza Luther aondoke pamoja na jamaa yake aende Jena, na siku chache baadaye chuo kikuu kilihamishiwa huko. Luther hakwenda. Alibaki pamoja na Johannes Bugenhagen, mchungaji wa mji, na wasaidizi wachache, akaendelea kuhubiri, kuwafundisha wanafunzi waliosalia na kuwatembelea wagonjwa.

Yafaa msomaji ajue hali ya nyumba yake katika miezi ile. Luther mwenyewe alikuwa ameugua vibaya mwezi Julai. Mkewe, Katharina von Bora, alikuwa mjamzito. Mtoto wao wa kwanza, Hans, aliyekuwa na umri wa mwaka mmoja na ushei, naye aliugua. Mke wa meya wa mji alifariki karibu mikononi mwa Luther. Mke wa Georg Rörer, mmoja wa wahudumu wenzake, alifariki katika kujifungua. Mwanzoni mwa Novemba Luther alimwandikia rafiki yake kwamba nyumba yake imekuwa hospitali. Tarehe 10 Desemba Katharina alijifungua binti, Elisabeth, ambaye aliishi miezi isiyozidi minane.

Swali lenyewe halikutoka Wittenberg. Lilitoka Breslau, mji ambao leo huitwa Wrocław na uko Poland, ambako Johann Hess na wachungaji wenzake walitaka kujua kama Mkristo anaruhusiwa kukimbia wakati wa tauni. Luther alichelewa kujibu kwa sababu ya ugonjwa. Alipojibu, jibu lake lilichapwa mwaka huohuo wa 1527 ili lisomwe na watu wote. Basi tunaposoma waraka huu tusidhani kwamba tunasoma mawazo ya mtu aliyeketi mbali na wagonjwa. Kalamu na beseni vilikuwa katika nyumba moja.

Swali la nafasi, si swali la ujasiri

Wengi wanaousikia waraka huu kwa mara ya kwanza hutarajia kuambiwa kwamba mwenye imani hubaki na asiye na imani hukimbia. Luther hasemi hivyo. Anakiri kwamba wako watu wenye imani imara ambao huweza kubaki na kukingoja kifo, naye anawasifu. Lakini papo hapo anakataa imani yao isifanywe mzigo kwa walio dhaifu. Kukimbia kifo, asema, si dhambi kwa asili yake. Mungu mwenyewe ametia ndani ya kila mwili hamu ya kuishi. Ibrahimu, Yakobo, Daudi na Eliya walikiepuka kifo, wala Maandiko hayawalaumu.

Ndipo anapogeuza swali. Jambo la kuuliza si kama mtu ana ujasiri, bali ni nani anayemtegemea, na kama yuko mwingine wa kusimama mahali pake. Mchungaji amefungwa kwa kundi lake, kwa kuwa wanaokufa wanamhitaji kuliko wakati wowote. Meya na hakimu wamefungwa kwa mji wao. Wazazi wamefungwa kwa watoto, na watoto kwa wazazi. Bwana kwa mtumishi, na mtumishi kwa bwana wake. Tabibu wa mji na wengine wenye kazi ya umma nao wamefungwa, isipokuwa wameweka watu wanaofaa kushika nafasi zao. Na pale ambapo hakuna mwenye cheo wala jamaa, jirani amefungwa kwa jirani. Lakini wakiwapo wahudumu wa kutosha, nao wakapatana kwamba baadhi yao waondoke, waondokao hawatendi dhambi.

Hii ndiyo nguvu ya waraka, nasi tunadhani kwamba ni nguvu ya kudumu. Luther ameitoa kazi ya kuuguza katika mikono ya mashujaa na kuiweka katika mikono ya watu wa kawaida walio na wajibu. Muuguzi wa zamu ya usiku hahitaji kujiuliza kila jioni kama yeye ni shujaa. Anahitaji kujua zamu ni ya nani. Kama ni yake, anabaki. Kama imekwisha na mwenzake amefika, anakwenda nyumbani kulala, na usingizi wake ni mtakatifu sawa na kazi yake. Fundisho la wito, ambalo katika madarasa yetu hufundishwa kana kwamba ni habari ya washona viatu wa Ujerumani ya kale, linapata hapa mwili na damu.

Lugha yetu ya Kiswahili inatusaidia kuelewa jambo hili kuliko Kijerumani cha Luther. Sisi twasema mtu ameugua, na yule amtunzaye twasema anauguza. Neno ni moja. Kitendo cha pili kimezaliwa na cha kwanza. Tena twasema, “Nimeuguliwa na mama,” maana yake ugonjwa ulio katika mwili wa mwingine umenifikia mimi, umeingia katika hesabu ya siku zangu. Mtu aliyeuguliwa hawezi kusema kwamba habari hiyo si yake. Yale ambayo Luther anayaeleza kwa kurasa kadhaa, akitaja nafasi moja baada ya nyingine, lugha yetu imeyafunga katika kitenzi kimoja.

Sauti tatu za waraka

Msomaji makini atatambua kwamba waraka hauna sauti moja. Sehemu ya kwanza ni sauti ya mwalimu: inapima, inagawanya, inaweka masharti. Kisha, anapofika kwa yule ambaye anataka kubaki lakini moyo wake unatetemeka na kuchukizwa mbele ya mgonjwa, sauti inabadilika ghafla. Luther anamgeukia Ibilisi na kumjibu uso kwa uso, kwamba hofu hii ni kazi yake, na kwamba kwa sababu hiyo hiyo atakwenda kwa mgonjwa ili kumwudhi. Anakumbusha ahadi ya Zaburi ya 41 kwa wamkumbukao mnyonge, na anaileta Mathayo 25: aliye kitandani ni Kristo mwenyewe, na asiyetaka kumtumikia Kristo pale asijidanganye kwamba angemtumikia mahali pengine. Sauti ya tatu, mwishoni, ni ya mwenye nyumba anayetoa maagizo: watu wahudhurie neno la Mungu, wapatane na jirani zao, waandike wosia, wamwite mchungaji mapema wakati mgonjwa bado ana akili zake, na makaburi yawekwe nje ya mji mahali pa utulivu.

Wako wahakiki watakaosema kwamba mchanganyiko huu ni udhaifu wa utunzi. Sisi hatuoni hivyo. Aliyefanya kazi wodini anajua kwamba sauti hizi tatu huhitajika kwa siku moja. Asubuhi yahitajika sauti ya kupanga nani akae wapi. Usiku wa manane, mbele ya mgonjwa anayetapika damu, haihitajiki hoja. Lahitajika neno fupi la kuifukuza hofu. Na kukipambazuka lazima mtu aulize kama wosia umeandikwa na kama jamaa wameitwa. Waraka unafuata mwendo wa kazi yenyewe. Hata hivyo twakiri kwamba sauti ya pili ina hatari yake. Hofu si kazi ya Ibilisi siku zote. Mara nyingine ni akili njema inayosema kwamba glavu zimekwisha. Luther anajua hivyo, maana anayasema katika sehemu ifuatayo. Lakini anayemnukuu katika sehemu ya pili peke yake huwafanya wahudumu waione aibu hofu ambayo Mungu amewapa kwa ulinzi wao.

Dawa na kumjaribu Mungu

Baada ya kuwakemea wakimbiao kupita kiasi, Luther anawakemea walio upande wa pili, nao anawakemea kwa ukali usio pungufu. Hawa ni wale wanaodharau dawa, wasioepuka mahali penye tauni wala watu wenye tauni, ambao husema kwamba Mungu akitaka kuwalinda atawalinda bila dawa wala uangalifu. Hiyo, asema Luther, si imani. Ni kumjaribu Mungu. Mungu ameumba dawa na ametupa akili ili tuutunze mwili. Yeye mwenyewe, asema, atamwomba Mungu, kisha atafukiza nyumba, atatumia dawa, na ataepuka watu na mahali asipohitajiwa, asije akaambukizwa na kuwaambukiza wengine. Lakini jirani yake akimhitaji, hataepuka mtu wala mahali.

Kanisa letu la Tanzania lina sababu ya kuisoma aya hii kwa unyenyekevu. Mwaka 2011 maelfu ya watu walisafiri hadi Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa kilichotolewa na mchungaji mstaafu wa Kilutheri. Miongoni mwao walikuwamo wagonjwa wa UKIMWI na wa kisukari walioziacha dawa zao za hospitali. Wengi wetu wachungaji tuliwaaga washarika wetu walipopanda magari, nasi tulinyamaza. Hatukuwa tumewafundisha kwamba kidonge kinachomezwa kila siku saa mbili usiku chaweza kuwa tendo la imani.

Lakini tusiwanyoshee wengine kidole. Sisi wenyewe tulipokuwa katika mazoezi ya uchungaji tulipangiwa kuitembelea hospitali mara mbili kwa wiki. Siku moja tulifika katika wodi ya wagonjwa wa kifua kikuu. Muuguzi, mama wa makamo, alikuwa amefungua madirisha yote na amevaa barakoa; barakoa ya pili aliiweka mezani kwa ajili yetu. Hatukuichukua. Tuliogopa kwamba wagonjwa wangeiona na kusema mchungaji hana imani. Wala hatukuingia, kwa kuwa tuliogopa kuingia bila barakoa. Tulisimama mlangoni, tukasoma neno, tukaomba kwa sauti kubwa ili wa kitanda cha mwisho asikie, tukatoa baraka. Tulipogeuka kwenda, yule mama alitufuata barazani akasema, “Baba Mchungaji, babu wa kitanda cha mwisho masikio yake ni mazito. Anauliza kama umekuja au unapita tu.” Tulijibu kwamba tutarudi Alhamisi. Tulirudi Alhamisi. Kitanda kilikuwa kimetandikwa shuka nyingine na juu yake ameketi kijana.

Miaka mingi baadaye, tulipousoma waraka wa Luther kwa makini kwa mara ya kwanza, tuligundua kwamba makosa mawili anayoyakemea, lile la mkono wa kushoto na lile la mkono wa kuume, tuliyatenda yote mawili kwa dakika moja katika mlango mmoja. Tulidharau dawa kwa kisingizio cha imani, na tukamkimbia jirani kwa sababu ya hofu. Yule muuguzi hakuwa amesoma waraka wowote wa Luther, lakini aliutimiza: alifungua madirisha, alivaa barakoa, akaingia.

Mambo ambayo waraka haukuyasema

Tumeusifu waraka kwa kiasi ulichostahili. Sasa tuseme yale unayopungukiwa.

La kwanza linahusu anayetuma. Luther anaeleza kwa urefu wajibu wa anayebaki kwa wagonjwa. Anasema pia, kwa maneno machache lakini mazuri, kwamba serikali njema ingekuwa na hospitali zenye watu wa kuwatunza wagonjwa, ili kila nyumba isilazimike kuwa hospitali. Lakini haulizi: yule tunayemwambia abaki, sisi tunaomwambia tunawiwa naye nini? Mwezi Oktoba mwaka 2000 ugonjwa wa Ebola ulizuka Gulu, kaskazini mwa Uganda. Dokta Matthew Lukwiya, msimamizi wa hospitali ya Mtakatifu Maria ya Lacor, aliyekuwa masomoni Kampala, alirudi, akautambua ugonjwa kabla ya majibu ya maabara, akatenga wodi na kuwavika wahudumu mavazi ya kujikinga. Wauguzi wake walipoanza kufa mmoja baada ya mwingine na wenzao wakataka kuacha kazi, aliwasihi wabaki, na yeye mwenyewe alibaki. Aliambukizwa akimhudumia muuguzi mgonjwa, akafariki tarehe 5 Desemba 2000. Katika mlipuko huo waliugua watu 425, na 224 kati yao walifariki.

Habari ya Lukwiya yaweza kuhubiriwa kana kwamba ni maelezo ya waraka wa Luther, nasi tumeisikia ikihubiriwa hivyo. Lakini mahubiri hayo yana kasoro kama hayaulizi habari za glavu, za maji, za idadi ya watu katika zamu, na za mjane wa muuguzi. Mwaka 2023 homa ya Marburg ilipothibitishwa Tanzania kwa mara ya kwanza, katika Mkoa wa Kagera, mmoja wa waliofariki alikuwa mhudumu wa afya. Twauliza: kanisa lenye hospitali, likisimama mimbarani na kusema kwamba kuuguza ni wito, kisha likachelewesha mishahara ya wauguzi miezi mitatu, linatumia neno la Luther kwa namna gani? Wito umegeuzwa kuwa njia ya kutolipa deni. Mantiki ya Luther mwenyewe yakataa jambo hilo. Kama bwana amefungwa kwa mtumishi sawasawa na mtumishi kwa bwana wake, basi anayetuma amefungwa kwa anayetumwa. Luther aliweka msingi huu lakini hakujenga juu yake. Kazi ya kujenga imeachwa kwetu.

La pili linahusu wanaouguza bila cheo. Waraka unawaandikia wachungaji, nao unazungumza na wachungaji, mahakimu na wenye nyumba. Lakini katika nyumba ya Luther mwenyewe, ni nani aliyebadilisha mashuka? Ni nani aliyepika mchuzi, akaosha wagonjwa, akalea mtoto mgonjwa huku ana mimba? Katharina hatajwi kwa jina katika waraka, wala watumishi wa kike wa nyumba ile. Tuingie tena katika wodi yetu. Muuguzi ni mmoja. Hawezi kuwalisha watu thelathini. Wanaolisha, wanaogeuza, wanaobeba vyombo vya choo, ni mama, dada, binti, mke wa mtoto. Binti ameacha shule muhula mzima ili kukaa na bibi yake, na jina lake haliandikwi katika daftari lolote la hospitali. Tunamwita ndugu wa mgonjwa, nasi tunamfukuza nje kwa kengele saa ya daktari kupita. Luther asema kwamba jirani amefungwa kwa jirani pale asipokuwapo mwingine. Kweli, lakini kanuni hii isiposimamiwa, maneno “hakuna mwingine” huwaangukia wanawake walewale kila mara, na wanaume wanaosoma waraka hubaki na heshima ya kuukubali.

La tatu, na kwetu ndilo zito kuliko yote, ni kwamba mgonjwa hasemi. Katika waraka wote mgonjwa ni jirani wa kuhudumiwa, ni hatari ya kuepukwa, ni Kristo wa kutumikiwa. Hakuna mahali anapoulizwa neno. Wahenga walisema, “Mgonjwa haulizwi uji,” nao walimaanisha ukarimu: usimngoje aombe, mpe. Lakini katika hospitali zetu methali hiyo imepata maana ya pili. Haulizwi uji, wala haulizwi sindano, wala haulizwi upasuaji, wala haelezwi ugonjwa wake. Daktari anazungumza na mwanawe wa kiume juu ya kichwa chake kana kwamba hayupo. Na mchungaji anaombea kwa sauti kubwa kutoka mlangoni.

Tena, pale mgonjwa anapotajwa kama mtendaji, anatajwa kama mwovu. Luther anawashambulia kwa maneno ya kutisha watu wanaojua kwamba wana tauni na kwa makusudi wanawaambukiza wengine. Anataka wakabidhiwe kwa mnyongaji. Twaelewa hasira yake, maana watu wa namna hiyo wakiwapo huwadhuru wengi. Lakini sisi tuliotoka katika kanisa lililozika vijana wa Kagera tangu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI wa nchi yetu walipotambuliwa huko mwaka 1983, tunajua jinsi aya ya namna hii inavyotumika. Mimbari nyingi zilichukua nusu moja ya mafundisho ya Luther, ile isemayo kwamba tauni ni adhabu ya Mungu, zikaiacha nusu ya pili, ile isemayo kwamba hata ikiwa adhabu, wajibu wetu kwa mgonjwa haupungui kwa ukubwa wa punje ya haradali. Wajane walipewa maswali badala ya uji. Hatumlaumu Luther kwa dhambi zetu. Twasema tu kwamba anayeufundisha waraka huu leo asiipite aya hiyo kimya, bali awafundishe wanafunzi kuisoma pamoja na Mathayo 25, ambamo Mfalme hamwulizi mtu mgonjwa aliupataje ugonjwa wake.

Hitimisho

Tumesema kwamba waraka wa mwaka 1527 ni andiko lililoandikwa karibu na kitanda. Kwamba swali lake si la ujasiri bali la nafasi. Kwamba unakataa kwa nguvu moja woga unaomwacha jirani na majivuno yanayodharau dawa. Na kwamba hata hivyo unanyamaza juu ya deni la anayetuma, juu ya jina la anayeuguza bila cheo, na juu ya sauti ya mgonjwa. Andiko lenye nguvu na mapungufu ya namna hii lafaa kusomwa na kila mwanafunzi kabla hajatumwa kwenye mazoezi ya hospitali. Twapendekeza lisomwe katika somo la uchungaji, si katika historia ya kanisa peke yake, na lisomwe pamoja na wauguzi. Tumelijaribu jambo hili darasani kwetu kwa kuwaalika wauguzi wawili kusikiliza waraka ukielezwa. Mmoja wao alipoulizwa maoni yake alisema kwamba mambo ya mchungaji Luther ni ya kweli, ila angependa kujua zamu zilipangwaje. Wanafunzi walicheka. Sisi tunaona kwamba huo ndio uhakiki bora zaidi ambao tumewahi kuusikia juu ya waraka huu, na sehemu kubwa ya yale tuliyoyaandika hapa ni maelezo ya neno lake.

Kwa wachungaji wenzetu tuna shauri moja dogo. Mwingiapo wodini, vaeni barakoa mnayopewa, wala msione haya. Vuteni kiti mketi, ili uso wenu uwe sawa na uso wa mgonjwa. Mwulizeni jina lake, mkamwulize na yule aliyelala sakafuni kando yake jina lake pia. Ulizeni mgonjwa anataka nini kabla hamjafungua kitabu. Na mkifika kitanda cha mwisho, semeni kwa sauti ambayo mzee ataisikia, kwamba mmekuja.